Mjomba Amenirudishia Misumari Yangu

(Msomaji huyu ametuomba tumfichie jina lake. Tumemfichia. Mengine ni maneno yake mwenyewe.)

Habari zenu, wasomaji wenzangu. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na mitatu, nina mke na watoto wanne. Ni fundi seremala hapa Kihonda, Morogoro, ila kwetu hasa ni Kinole, kule milimani. Kila wiki nasoma humu matatizo ya wenzangu, ya mapenzi, ya ndoa, ya wakwe. Langu mimi ni la misumari. Chekeni tu, lakini nimechoka jamani, nimechoka mpaka nyundo naiona nzito.

Wa rika langu mnaikumbuka miaka ile ya uhaba. Mteja alikuja na mbao zake na misumari yake kaifunga kwenye leso, wewe unamtoza ufundi tu, mnaachana salama. Sasa biashara imefunguliwa, maduka yamejaa misumari, gundi, msasa, vanishi, wewe tu. Basi mteja haji tena na kitu. "Fundi, hivyo vidogo vidogo si unavyo?" Ninavyo, ndiyo, kwani vinaota shambani? Nikitaja bei moja ya jumla naitwa mwizi. Nikichambua, hii ya gundi, hii ya msasa, naitwa bahili. Mama mmoja aliniwakia mbele za watu: "Msasa unanitoza wa nini, wakati siondoki nao?" Nikamjibu, "Hata mkaa wa mama ntilie huondoki nao, mama, lakini wali unalipia." Akanuna, kabati lake akaliacha pale wiki nzima.

Mke wangu ndiye aliyenifumbua macho. Akaniambia, "Baba watoto, kila msumari unaougawa bure ni unga wa hawa watoto. Taja vyote kabla hujashika randa, na usimbague mtu." Nikamsikiliza. Wateja wakapungua kidogo, lakini waliobaki hatugombani. Hata ndugu zangu wakaanza kulipa, maana kusema kweli ndugu ndio walikuwa wananimaliza.

Ndipo akaja mjomba. Huyu ni kaka wa mama yangu, na kwetu sisi Waluguru mjomba si wa kunywa naye chai tu, ndiye mwenye kauli juu yako. Tena huyu ana lake kwangu. Nilipoanza ufundi, madukani hakukuwa na msumari hata wa dawa. Mjomba akabomoa banda lake la mbuzi, akang'oa misumari mmoja mmoja, akainyoosha juu ya jiwe, akanishushia mjini ndani ya kopo la maziwa. Mbuzi wakahamia jikoni, mkewe akamnunia msimu mzima. Meza yangu ya kwanza niliipigilia kwa misumari ile.

Safari hii alikuja na mbao za mti wake mwenyewe, anataka milango miwili ya nyumba yake mpya. Nikamwamkia, nikampa kiti, tukaongea bei ya ufundi, tukaelewana. Ilipofika zamu ya misumari, gundi na bawaba, ulimi ukagoma. Mtu mwingine ningemwambia palepale. Lakini mjomba utamtajiaje bei ya gundi hata chai hajamaliza? Nikajisemea, atakapokuja kuchukua nitamwambia. Hapo ndipo nilipoharibu, najua.

Siku ya kuchukua, mke wangu kasimama pembeni ananiangalia. Nikasema huku natazama chini, "Mjomba, kuna na vile vidogo vidogo."

"Vipi hivyo?"

"Misumari, gundi, na bawaba."

Akacheka, akadhani namtania. Alipoona sicheki, akafungua leso yake, akalipa vyote, wala hakuomba nimpunguzie. "Sawa, mpwa wangu," akasema. "Kumbe mjini umeshakuwa mwenyeji." Akapakia milango yake kwenye pikapu, akaondoka. Loo, heri angenitukana!

Juzi dada yangu ameshuka kutoka Kinole na ndizi zake za kuuza sokoni, akapitia kwangu akanikabidhi kopo la maziwa. Limejaa misumari, na bawaba juu yake. "Mjomba kasema vyako hivi," akaniambia. "Mbao ni zake, amebaki nazo." Ameibomoa milango yote miwili! Nikamuuliza dada, sasa analalaje, na mvua hizi, na baridi ile ya mlimani? Akasema ametundika magunia. Mzee wa watu, nyumba mpya, kifua chenyewe kibovu, analala nyuma ya magunia.

Mke wangu hataki nipande. Anasema, "Ukimpigilia bure, kesho ukoo mzima uko hapa na mbao." Na si uongo, ninawajua ndugu zangu. Dada naye anasema mjomba akifa na kinyongo hiki nisikanyage msibani. Nikisema nimpelekee pesa zake, atazimwaga uani kuku wazidonoe. Nimekaa katikati, kazi haiendi, wateja wananiuliza fundi unaumwa?

Nishaurini, ndugu zangu, maana mimi akili imegota. Nipande Kinole nikaipigilie ile milango bila kusema neno, halafu wateja na ndugu wengine nitawaambia nini? Au nikae hapa na utaratibu wangu, na mzee aendelee na magunia yake?

Kopo bado liko kwenye meza yangu ya kazi. Jana nimelimwaga ili nichague misumari iliyopinda niitupe, maana msumari ukishang'olewa lazima upinde. Sikupata wa kutupa. Ameinyoosha yote.