Shanwe Kwenye Ukuta wa Kanisa

Nilikwenda Uingereza kusomea uuguzi, lakini kijijini kwao marehemu Edwin nilikwenda kwa sababu nyingine. Edwin alikuwa fundi mitambo mgodini Mpanda. Homa ilipomshika nilimuuguza mimi mpaka alipokata roho, tukamzika Shanwe, pembeni mwa mji. Baba yake aliposikia nimefika nchini kwao, akaniita.

Kutoka Mpanda nilipanda treni hadi Kaliua, nikaunganisha nyingine kupitia Tabora mpaka Dar es Salaam, kisha meli hadi Uingereza. Majira ya baridi yalipokwisha, basi likaniteremsha kijijini kwao Edwin, penye daraja la mawe, jembamba hata ng'ombe wawili wasingepishana.

Mzee Walter alikuwa akinisubiri hapo. Habari za mwanawe hakuuliza, alinitembeza tu. Uwanjani niliona mbao kuukuu zenye matundu ya miguu, nikashtuka: mkatale, kifungio cha wafungwa. Nilimuuliza kama zamani waliwafungia watumwa humo. Akasema hapana, walifungwa majirani zao wenyewe, walevi na wezi wa kuku. Niliuzunguka tena na tena. Kumbe na wao walikuwa nao.

Kanisani nilikuta mtu wa jiwe amelala chali juu ya kaburi, mbwa wa jiwe miguuni pake. Nilitaka kujua alikuwa nani. Mzee akasema hata babu yake hakumjua. Ukutani yalikuwa yamechongwa majina ya ukoo wao. La chini kabisa lilikuwa la Edwin, na maneno mawili: Amezikwa Afrika.

Hapo mzee akaketi.

"Afrika ni kubwa, Bwana Petro," akasema. "Mwanangu yuko wapi?"

Nikamweleza juu ya Shanwe, mteremko wenye udongo mwekundu na miti ya miombo. Nikamwambia pia kwamba hakufa peke yake. Nilikuwa nimemshika mkono. Mzee akaniomba nimtajie jina la mahali herufi kwa herufi.

Asubuhi yake fundi wa mawe akaja na patasi. Tulisimama tukimtazama mpaka akamaliza kuchonga Shanwe.

Niliporudi Mpanda nilimsimulia mke wangu, Modesta. Nilikuwa nimejifunza kwamba aliyefiwa mbali hatulii mpaka apajue mahali alipolazwa mtu wake. Modesta akauliza kijiji chao kinaitwaje. Nikamtajia, akajaribu kulitamka jina, likamshinda, akacheka. Kisha akachukua jembe, tukaenda Shanwe kupalilia kaburi.