Nyumba Iliyokwama Mabuki

Maige Machibya alikuwa fundi wa magari pale Buhongwa, kando ya barabara ya Shinyanga, na watu walimjua kwa mambo mawili: hakuwa mtu wa haraka, na hakukubali kuvuta gari lenye mtu aliyelala ndani. La kwanza walilizoea. La pili liliwaudhi, hasa wenye malori, maana utingo aliyehenyeka njiani hupenda kujinyoosha nyuma gari linapovutwa. Maige alizunguka gari lote, akafungua milango, akainua maturubai, akawatoa mmoja mmoja. "Shuka, panda basi," alisema, na hakueleza zaidi.

Ufundi aliupata kwenye karakana ya kiwanda cha kuchambulia pamba, upande wa Magu. Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi na ushirika ukaanza kuyumba, watu arobaini walipunguzwa kazini kwa siku moja. Badala ya kiinua mgongo wengine walipewa mabati, wengine matairi. Maige alipewa Bedfodi, lori kuukuu lenye winchi ya kuvutia mgongoni. Mkewe Wilhelmina aliitazama ikiingia uani huku inakohoa, akasema, "Afadhali ungeleta mabati." Lakini magari ya mitumba yalikuwa yameanza kumiminika nchini, na barabara zilikuwa zilezile zenye mashimo yaleyale. Baada ya miaka mitatu, Bedfodi ndiyo iliyokuwa inalisha nyumba.

Siku moja mwezi wa saba, mwaka 1997, dereva wa basi litokalo Shinyanga alisimama mbele ya karakana akatoa kichwa dirishani.

"Fundi, kuna nyumba imekufa Mabuki!"

"Nyumba?"

"Nyumba ina matairi. Ina mapazia madirishani. Kuna mzee wa Kihaya anakuita."

Maige alipofika Mabuki alikuta kweli. Ilikuwa imeegemea upande mmoja kando ya barabara, nyeupe, ndefu, imejaa vumbi la nchi tatu, na wachungaji wamesimama wakiitazama huku ng'ombe wao wakipita. Mwenyewe alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya pama na mikono iliyojaa grisi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Naitwa Rugemalira. Nimefundisha hesabu Botswana miaka kumi na minane, sasa nimestaafu, narudi kwetu Kamachumu. Hili gari-nyumba nililinunua kwa Wazungu waliochoka nalo. Sasa nadhani najua kwa nini walichoka."

Akamweleza safari yote. Mkanda wa feni ulikatika Zambia. Matairi mawili yalipasuka kabla ya Mafinga. Tangi la mafuta lilitoboka baada ya Manyoni, akaliziba kwa kipande cha sabuni ya kufulia, na sabuni ikashika mpaka leo. Yote hayo aliyatengeneza mwenyewe kwa kusoma kitabu. Ila hapa Mabuki alisikia mlio kama mfupa unaovunjika, injini ikaendelea kunguruma, na gari halikwenda popote.

Maige aliingia chini, akatoka. "Shafti ya nyuma imekatika, na kipande kimebaki ndani ya difu. Nitakuvuta mpaka Buhongwa. Panda na mimi kwenye Bedfodi tupeleke..."

"Mke wangu yumo ndani," Rugemalira alisema.

Maige alipanda ngazi. Ndani kulikuwa na jiko dogo, kabati, meza, na huko nyuma kitanda. Juu yake alilala mama wa makamo aliyefunga kitambaa kichwani, mkono wa kulia umekunjwa kifuani. Kiharusi kilimpata miaka mitatu nyuma. Hakuweza kukaa kitini kwa safari ndefu, na mama yake mzazi alikuwa bado hai huko Kamachumu, ana miaka zaidi ya tisini. Ndiyo sababu ya gari lile.

"Shikamoo, mama. Itabidi tukubebe, tukuweke kwenye basi. Mimi sivuti gari lenye mtu aliyelala."

Mama Celestina alimtazama kwa utulivu. Aliongea polepole, lakini kila neno lilifika.

"Fundi, nimetoka Gaborone nimelala humu. Sijabebwa mbele ya watu, na sitabebwa leo mbele ya ng'ombe."

"Celestina," mumewe alianza.

"Nimesema. Avute, nimo. Au asivute."

Maige alishuka, akakaa juu ya jiwe, akavuta sigara mpaka ikaisha. Kisha akamwambia Rugemalira, "Basi tutatengeneza hapahapa."

Kazi ilichukua siku tatu. Siku ya kwanza alihangaika na kile kipande kilichobaki ndani ya difu, lile boksi la gia linalozungusha magurudumu ya nyuma. Waya ulikigusa lakini haukukitoa. Mwishowe aliomba redio mbovu kwa mwenye duka, akang'oa sumaku ya spika, akaifunga kwenye ncha ya fimbo, akaiingiza taratibu kama mtu anayetoa mwiba kwenye jicho. Kilipochomoka, wachungaji walishangilia kuliko mwenye gari.

Siku ya pili aliifuata shafti nyingine. Alikumbuka lori bovu la misheni moja huko Kisesa, lenye chesisi ya aina ileile, limekaa nyuma ya zizi mpaka nyasi zimeota kwenye injini. Padri alimpa shafti kwa ahadi kwamba atakuja kuwatengenezea jenereta. Ilikuwa ndefu kuliko ile ya zamani kwa upana wa kidole, hivyo aliipitisha mjini kwa mkereza vyuma, akasimama karibu na mashine mpaka ilipopungua sawasawa.

Siku ya tatu aliifunga. Alitandika gunia chini, akapanga spana zake kwa ukubwa, na kila alipomaliza kutumia moja aliirudisha mahali pake. Dirisha la kitandani lilikuwa wazi juu ya kichwa chake.

"Unahesabu spana," sauti ya Mama Celestina ilisema.

"Ndiyo, mama. Nikisahau moja ndani, itakula meno ya difu."

"Sisi tulihesabu mikasi. Nilikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji. Hatukumfunga mgonjwa mpaka hesabu itimie. Unafanya kazi vizuri. Kwa nini hukutaka kunivuta?"

"Hesabu yangu haikutimia siku moja," Maige alijibu, akaendelea kukaza nati. Mama hakumdodosa.

Jioni ile gari liliwaka, likaenda mbele, likarudi nyuma. Maige hakuiamini shafti ya lori lililokufa, akasema atawasindikiza asubuhi mpaka kwenye kivuko. Walipofika Usagara walikunja kushoto kuelekea Kigongo, gari-nyumba mbele, Bedfodi nyuma, mwendo wa mtu anayepeleka mayai sokoni.

Pantoni ilikuwa imeshafika, mlango wake umelazwa juu ya mchanga. Abiria wa miguu walijipanga pembeni na vikapu vyao. Rugemalira aliteremsha gari taratibu. Magurudumu ya mbele yalipanda kwenye bati la pantoni, halafu ukasikika mkwaruzo mkubwa: mkia mrefu wa gari ulikuwa umechimba ardhi, magurudumu ya nyuma yanazungukia hewani. Mbele haliendi, nyuma halirudi. Nusu iko nchi kavu, nusu iko juu ya maji, na pantoni inacheza kila wimbi linapopita.

"Zima!" Maige alipiga kelele. "Usilazimishe, utakata tena!"

Nahodha wa pantoni alipiga honi. Watu walianza kutoa ushauri, kila mmoja wake. Maige aliona la kufanya: kuliinua kwa winchi, kulivuta kinyumenyume mpaka juu, kupanga mbao kwenye mteremko, kisha kuliteremsha upya. Aliona na kitu kingine. Mnyororo ukikatika wakati wa kuvuta, gari litateleza mpaka mbele kabisa, na mbele ni ziwa.

Akapanda ngazi. Mama Celestina alikuwa amejishikilia ukingo wa kitanda.

"Mama, nitakwambia kitu ambacho sijamwambia hata mke wangu. Mwaka themanini na tisa nilivuta lori la pamba kwenye mlima mmoja kule Magu. Dereva alikuwa kwenye usukani. Sikujua kwamba rafiki yangu Masalu amelala juu ya marobota. Mnyororo ulikatika. Dereva aliruka. Masalu alikuwa usingizini." Akafuta jasho. "Sikuangalia nyuma kabla ya kuondoka. Ni hilo tu. Sikuangalia."

Nje honi ililia tena. Mama Celestina aliuachia ukingo wa kitanda.

"Ungeniambia Mabuki," alisema.

"Mabuki sikuweza."

"Haya. Nitatoka. Lakini sitatoka nimelala. Nitoeni nimekaa, kama mtu."

Waling'oa kiti cha mbele cha abiria, wakamketisha, wakamfunga kwa kanga kiunoni asiteleze. Maige na Rugemalira walishika nyuma, abiria wawili wakashika mbele, wakamteremsha mpaka kwenye kivuli cha banda la tiketi. Muuza dagaa mmoja, Dorotea, mwenyeji wa Muleba, alisogeza kikapu chake ampishe, akamtazama usoni, kisha akamsalimia kwa Kihaya. Mama Celestina aliitikia. Safari hii upande wa kulia wa mdomo wake ulimsaliti, maneno yakatoka nusunusu, lakini Dorotea alipiga magoti na kuendelea na salamu zote kwa mpangilio wake, ukoo kwa ukoo, bila kumharakisha.

Maige aliingia ndani ya gari-nyumba, akafungua choo, akafungua kabati, akainua godoro. Hakuna mtu. Akamweka Rugemalira kwenye usukani, mlango wazi, mguu mmoja nje. Kisha akavuta.

Mnyororo haukukatika. Mkia uliinuka, gari likarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka juu ya mteremko. Walipanga mbao nne, Rugemalira akateremka tena, na safari hii magurudumu yote yakaingia kwenye pantoni kama yaliyozaliwa humo.

Walipotaka kumrudisha Mama Celestina kitandani, alikataa. Alivuka akiwa amekaa kwenye kile kiti, katikati ya baiskeli na matenga, Dorotea pembeni yake, upepo wa ziwa ukimpiga usoni. Maige alibaki Kigongo. Mbao alikuwa amewaachia, maana na Busisi, ng'ambo ya pili, kuna mteremko.

Barua ilimfikia mwezi wa tisa, kwa mwandiko safi wa mwalimu. Walipata pancha moja tu, karibu na Biharamulo. Bibi mzee, mama mzazi wa Celestina, hakumkumbuka mkwewe hata kidogo, lakini binti yake mwenyewe bibi alimtambua kabla hajashuka garini, na sasa mama na binti wanalala chumba kimoja na kubishana juu ya dirisha lifungwe au lisifungwe. Gari-nyumba limeegeshwa kando ya migomba. Rugemalira analitumia kufundishia watoto wa jirani hesabu, wanaogombea kukaa karibu na jiko.

Maige alimsomea Wilhelmina barua yote. Aliposikia habari za kivuko, mkewe aliuliza ni kitu gani hasa alichomwambia yule mama hata akakubali kutoka. Maige alisogeza kigoda chake karibu, akaanza kumsimulia habari za Masalu.