Wimbo wa Komeo

Bibi aliacha kushusha komeo la mlango baada ya baba mdogo kufariki. Baba mdogo alikuwa kitinda mimba wake, dereva wa magari ya watalii, na gari lake lilipinduka akiwa njiani kurudi nyumbani, siku ambayo bibi alikuwa amemwekea maziwa. Tulizika, tukakaa matanga, watu wakaondoka. Jioni ya kwanza tuliyobaki wenyewe, mama alipokwenda kufunga mlango, bibi alimwambia auache. Mama akadhani ni uchungu wa siku hiyo.

Kwetu si mahali pa kulala mlango wazi. Shamba letu liko juu ya mji wa Karatu, na mahindi yetu yanapoishia ndipo msitu wa hifadhi unapoanzia. Ndama hulala ndani, jikoni, kwa sababu ya fisi. Mama alikuwa anasubiri bibi asinzie ndipo afunge, lakini bibi hakuwa anasinzia. Alikaa kitandani amejifunika blanketi, uso umeelekea mlangoni, na komeo likigusa chuma kidogo tu anasikia. Wanamaombi walikuja. Mzee mmoja wa kanisa alimweleza kwa upole kwamba marehemu harudi kwa kupitia mlangoni. Bibi alimjibu kwamba hilo analijua, yeye si mtoto, ila kufunga hawezi. Akawa anakonda.

Mimi wakati huo nilikuwa chuoni, nasomea ununuzi na ugavi, na nilikuwa mtu wa kuwaza hovyo kama nilivyo leo. Nikituma ujumbe wa maneno matatu, nitausoma tena na tena nikitafuta neno litakalomuudhi mtu. Mwalimu akinisalimu kwa kifupi, najua nimefeli. Kitu pekee kilichonyamazisha kichwa changu kilikuwa nyimbo za kijana mmoja aliyeandika mwenyewe na kupiga gitaa mwenyewe. Hakuwa na wimbo hata mmoja wa kuchezea harusini. Aliimba kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea huku wengine wamelala, na wenzangu wa hosteli walikuwa wakinisikia nimeziweka wananiuliza leo tunazika nani.

Nilirudi likizo na nyimbo zake kwenye simu. Jioni moja nilikuwa nachambua maharage jikoni, bibi yuko kitandani upande wa pili wa ukuta wa mbao, wimbo unapiga. Ni wimbo wa mtu aliyeachwa, haijulikani kama aliyeondoka amekufa au amehama tu. Kiitikio chake ni hiki:

Sijashusha komeo, huenda uko njiani,
mvua ikikukuta, usibishe hodi, sukuma.

Bibi akauliza yule mtu anasema nini. Kiswahili chake ni cha dukani na zahanati, kwa hiyo nikamtafsiria kwa Kiiraqw, lugha yetu, mstari kwa mstari. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu aliyekasirika kidogo, "Nani amemwambia habari za nyumba hii?"

Nilimweleza kwamba hakuna aliyemwambia, kwamba huyo mtu yuko mbali na hatujui. Hakuniamini. Lakini kesho yake jioni aliuomba tena, na keshokutwa pia, hadi nikauingiza kwenye kadi ya kitochi chake, kile kisimu cha vitufe, ili nikiondoka asikose. Nilipokuwa nimesharudi chuoni mama alinipigia simu kuniambia kwamba bibi ameshusha komeo kwa mkono wake mwenyewe, na amelala hadi jogoo wamechoka kuwika. Mama alisema ni maombi. Sikubisha. Moyoni nilijua ni wimbo, ingawa sikuweza kueleza wimbo wa mtu aliyeshindwa kufunga mlango ungemfanyaje bibi afunge wa kwake. Niliwaza jambo hilo miaka mingi.

Baada ya kuhitimu nilikaa bila kazi, nikapata mahali pa kujitolea kufundisha Nainokanoka, huko juu kwenye hifadhi. Asubuhi kule ukungu ni mzito kiasi kwamba unasikia ng'ombe kabla ya kuwaona. Siku moja nikielekea shuleni nilisikia kengele za ng'ombe, halafu gitaa, halafu sauti ile ile ya chini inayosema usibishe hodi, sukuma. Nilisimama. Akatokea mzee wa Kimaasai amejifunika shuka mbili, simu iko kifuani ndani ya shuka, akapita bila kuniona, wimbo ukaingia naye kwenye ukungu. Nilibaki nimeduwaa kama mtu aliyeona mnyama adimu. Yule mwimbaji hakuwahi kufika huku. Alikuwa amekaa chumbani kwake mahali fulani, akaandika maumivu yake ya siri, na sasa maumivu hayo yanachunga ng'ombe chini ya mlima ambao hata jina lake huenda halijui.

Kisha habari zikaja kwamba yule mwimbaji ameokoka.

Wakati huo nilikuwa nimesharudi nyumbani. Kundi letu la mashabiki wa Karatu, wengi wao madereva bodaboda, wapishi wa loji na wasusi, lilijaa ujumbe siku nzima. Alikuwa ametangaza kwamba haimbi tena nyimbo za dunia. Wengine walimpongeza. Dereva mmoja wa bodaboda, ambaye ndiye hunipeleka nyumbani mara kwa mara, aliandika kwamba anafurahi kaka amepata amani, ila sasa yeye akiachwa na mwanamke atasikiliza nini. Tulicheka. Haikupita muda tukasikia kwamba mwimbaji mwenyewe anakuja Karatu kutoa ushuhuda kwenye mkutano wa injili, na mchungaji wetu akanipigia simu.

"Binti, mkalimani wetu ameishiwa sauti. Wewe ndiye unayetusomea Neno kwa Kiiraqw. Utasimama na mgeni, kwa ajili ya wazee wanaoshuka kutoka juu."

Nilimwomba atafute mwingine. Akasema wengine wapo, ila wanahubiri kuliko mhubiri.

Sikuogopa jukwaa peke yake. Bibi alikuwa ameshasikia kwamba mtu wa komeo anakuja, na alikuwa amefua blanketi lake jipya. Kama mtu huyo angesimama na kusema wimbo ule ulikuwa uongo, au dhambi, bibi angebaki wapi? Niliona tena yale macho yaliyoelekea mlangoni. Na mdomo ambao ungemfikishia maneno hayo ungekuwa wangu.

Alasiri ya mkutano uwanja ulikuwa mwekundu kwa vumbi. Wazee walikaa mbele kwenye mabenchi, bibi kati yao. Nyuma kabisa bodaboda walikaa juu ya pikipiki zao, na sikuwahi kuwaona wengi hivyo kwenye injili. Yule dereva wangu alinivuta pembeni akaniomba nimwambie kaka aimbe hata wimbo mmoja. Nikamwambia huu si mkutano wa muziki.

"Kwani Daudi alikuwa anapiga nini?" akasema. "Mwambie tu, dada."

Mgeni alikuwa mdogo kuliko nilivyomjenga kichwani, amevaa sweta, hana gitaa. Mkono wake ulikuwa wa baridi aliponisalimu, akaniambia nisimwache nyuma, na akienda mbio nimvute sweta. Hapo nikajua na yeye anaogopa, na badala ya kunitia wasiwasi zaidi, jambo hilo lilinituliza.

Alieleza vizuri, bila majivuno. Alisema alikuwa hapati usingizi, anakunywa, anaandika, na kadiri alivyoumia ndivyo watu walivyompenda, hadi akaanza kuogopa kupona. Nilitafsiri yote hayo na sauti yangu ilitulia. Kisha akainua mkono.

"Toeni simu zenu," akasema. "Futeni nyimbo zangu zote. Anzeni na ule wa komeo. Ule ndio mzizi."

Nilifikiri kusema anawaomba mfumbe macho. Nilifikiri kusema anawaomba mmwombee. Lakini nusu ya uwanja ule wanajua lugha zote mbili, na hata wasingejua, yule mtu alikuwa ameniamini niwe kinywa chake. Mchungaji alinisogelea akanong'ona niendelee. Nikamtazama bibi, nikasema kwa Kiiraqw kile alichokisema, chote.

Kule nyuma simu zilianza kuwaka moja moja. Bibi aliingiza mkono kifuani, akatoa kitochi chake kilichofungwa kwenye leso, akasimama. Watu walimpisha wakidhani anakuja kuombewa. Mgeni alishuka ngazi kumpokea, akainama, "Shikamoo, bibi." Bibi akaitika marahaba, kisha akanigeukia mimi, na kwa mazoea tu nikamwekea kipaza sauti mdomoni.

"Mwambie mimi sijui kufuta," alisema kwa Kiiraqw. "Afute yeye, wimbo ni wake. Lakini kwanza ajue ulinifanyia nini."

Nikatafsiri. Mgeni alikitazama kile kitochi ambacho bibi alikuwa amemwekea kiganjani.

Bibi akaendelea: "Mwanangu alikufa barabarani. Nikashindwa kufunga mlango, kwa sababu nikifunga, nani atakuwa anamngoja? Watu wote walikuwa wameshafunga. Halafu mjukuu huyu akaniletea sauti ya mtu ambaye naye hajafunga. Nikasema, kumbe yuko mwingine macho. Basi acha mimi nilale kidogo. Nikashusha komeo."

Nilitafsiri nikiangalia vidole vya miguu yangu. Jambo nililolitafuta miaka yote hiyo lilikuwa fupi hivyo, na alikuwa nalo muda wote, hakuna aliyemuuliza. Tulimpa maombi, tukampa mawaidha. Yule mwimbaji bila kujua alikuwa amempokea zamu.

Watu waliinamisha vichwa, wazee kwa maneno yake na vijana kwa maneno yangu, mmoja baada ya mwingine, kama upepo unavyopita kwenye ngano. Mgeni alinishusha mkono wenye kipaza sauti. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwulize, sasa anafunga kila siku?"

Bibi akajibu kila siku.

"Mwambie mimi bado," akasema. "Mpaka leo."

Sijui kama alikuwa anazungumzia mlango wa kweli. Nilikuwa na maswali mengi kichwani, na kwa mara ya kwanza sikuyafuata. Nilimwambia bibi hivyo hivyo: anasema yeye bado. Bibi alimtazama kwa jicho lile analomtazamia ndama aliyekataa kunyonya, akamshika kifundo cha mkono, akasema jambo moja. Nililitafsiri bila kipaza sauti, likabaki letu watatu.

Mgeni alimrudishia bibi kitochi kwa mikono miwili, akavikunja vidole vya bibi juu yake. Hakubonyeza kitu. Akapanda jukwaani, akasimama mbele ya watu, na mchungaji, Mungu ambariki, akaanzisha wimbo wa kitabuni.

Yule dereva alitupakia mshikaki, watatu pikipiki moja, kurudi nyumbani, bibi katikati, mimi nyuma nimeshika blanketi lake lisiingie kwenye gurudumu. Tulipofika kwenye mlima alipunguza mwendo.

"Dada, bibi alisema nini pale mwisho? Ulitunyima hilo."

Nilifikiri kama ni siri yangu kuitoa. Bibi, aliyekuwa anafuata mazungumzo kwa Kiswahili chake cha dukani, alinipiga kwa kiwiko, mwambie. Nikamwambia: bibi amesema, leo kafunge ukalale, leo nitakaa macho mimi.

Alipotushusha tu ndipo aliposema, akiwa anaangalia taa ya pikipiki, "Basi leo na mimi sifungi."

"Na pikipiki je?" nikamuuliza.

"Pikipiki nafunga," akasema, akageuza.

Jioni ile tulikula ugali na mboga, bibi akala akamaliza, akapanda kitandani akajifunika blanketi jipya na kuweka kitochi chini ya mto wake. Mama alikwenda mlangoni kama kawaida yake, mkono tayari uko kwenye komeo. Nikamwambia auache.

Alinigeukia, na niliona usoni mwake ile hofu ya zamani ikirudi, miezi yote ile ya bibi kukonda. Nikamweleza kilichotokea uwanjani. Sikueleza vizuri, nilirukaruka, nikarudia. Mama alisikiliza akiwa bado ameshika chuma.

"Leo tu?" akauliza.

"Leo tu," bibi akasema kutoka kitandani, kwa Kiswahili.

Mama aliliachia komeo. Akaenda jikoni, akamfungua ndama, akamleta chumbani kwake akamfunga kwa kamba fupi kwenye mguu wa kitanda, akarudisha mlango bila kuukaza, akazima taa.