Msafiri Aliyeinamisha Kichwa

Harufu ya unga wa ngano uliokorogwa na mafuta ya kujipaka bado hunirudisha kwenye mahafali yangu ya darasa la saba, Karatu. Ndivyo tulivyomgeuza Gabrieli, mtoto wa majirani zetu wa Olbalbal, kuwa Mzungu: uso mweupe mpaka masikioni, kofia ya kuazima kwa dereva wa watalii, na mpini wa jembe badala ya bunduki. Igizo lenyewe Mwalimu wa Kiswahili alilitoa katika hadithi ya zamani iliyotafsiriwa, kazi ya mwandishi Mwingereza wa karne ya kumi na tisa aliyewahi kusafiri Afrika akiwa kijana. Humo msafiri anawakuta wafugaji wakifa kwa kiu, anapanda kilima na kuwaonyesha chemchemi iliyo hatua chache tu kutoka kwenye maboma yao. Wanampigia magoti. Mimi nilipewa nafasi ya mzee wa wafugaji, kwa kuwa nilikuwa mrefu na sauti yangu ilikuwa nzito kuliko ya wavulana.

Wakati huo nilikaa kwa shangazi mjini. Baba alichunga Olbalbal, tambarare kavu chini ya kreta, ambako mtoto hujua visima kabla ya kujua kuhesabu. Alikuwa hajakubali niende sekondari. Alimwambia shangazi kwamba ataamua siku ya mahafali, akishaona shule imenifundisha nini. Na shule ilikuwa imenifundisha kusimama mbele yake, nimevaa shuka lake, niseme: "Bwana mkubwa, sisi hatujui maji yaliko." Nilimuuliza mwalimu, kama huyu mzee hajui maji, ng'ombe wake wamekuaje mpaka leo? "Wewe maswali yako yatakuua," akanijibu. "Ni igizo tu. Sema maneno yako, piga magoti, toka."

Siku yenyewe baba alikaa mstari wa pili, mgongo umenyooka, fimbo katikati ya magoti. Gabrieli aliingia kwa mikogo, watu wakacheka. Mazoezini alikuwa ameniona kila siku na sare ya shule, binti wa rika lake. Sasa alifika mbele yangu akakuta shuka, fimbo na mtu aliyesimama kizee, na kabla hajafungua kinywa akainamisha kichwa, kama mtoto yeyote wa kwetu anavyofanya mbele ya mzee, akangoja kuguswa. Mkono wangu nao haukungoja mwalimu. Ukamgusa utosini.

"Mzungu kaomba baraka!" mama mmoja akapiga kelele.

"Mpeni na mbuzi kabisa!"

Gabrieli akapoteza maneno yote. Akabaki na swali la mgeni yeyote mwenye kiu: "Baba, maji yako wapi?" Pembeni mwalimu alikuwa akinionyesha chini kwa kidole: magoti, magoti. Nikamtazama baba. Hakuwa anacheka. Nikanyoosha fimbo nikasema, "Nyuma ya kilima kile, mwanangu. Twende nikupeleke." Igizo likaishia hapo.

Mwalimu hakuniaga siku ile. Baba aliniita nyuma ya madarasa. "Kitabuni imeandikwa hivyo?" Nikamwambia ukweli, pamoja na yale magoti. Akafikiri. "Huyo mtu alikaa na wafugaji siku ngapi?" Sijui, baba. "Nani alimchotea maji njiani?" Sijui. "Basi hujamaliza kusoma," akasema, kisha akaenda kumwambia shangazi anitafutie tranka la bweni.

Chuo kikuu nilimtafuta mwandishi yule. Alisafiri miezi michache, akarudi kwao, na safari ile moja ikamlisha maisha yote: riwaya moja ikazaa nyingine, kisha riwaya zikawa tamthilia katika kumbi za London, ambako watu waliojipaka rangi nyeusi walipiga magoti mbele ya watazamaji wasiowahi kuvuka bahari. Waandishi waliomfuata waliandika vilevile bila hata kusafiri. Nilijiuliza kama namwonea. Labda hakuona zaidi ya alichoandika. Mpaka nilipofika kwenye barua aliyomwandikia dada yake. Alikuwa amekaa siku mbili bila maji, mchungaji mmoja akamshika mkono akampeleka kisimani. Jina la mchungaji hakulitaja. Miaka michache baadaye, kwenye riwaya, aliyeshikwa mkono ndiye mchungaji.

Leo Karatu imejaa magari ya watalii, na waongozaji, wengine nilisoma nao, bado husimama ukingoni mwa kreta wakimtaja Mzungu wa kwanza kuiona. Zamani ningebisha papo hapo. Siku hizi kwanza nawauliza wameyasoma wapi hayo, kwa sababu hata mimi nilikariri maneno ya igizo lile mwezi mzima.

Siku niliyoisoma barua ile nilimpigia baba simu, nikamsimulia yote.

"Na maji aliyaona? Akanywa?"

"Alikunywa, baba."

Nikasikia kengele za ng'ombe, halafu upepo.

"Basi alijua," akasema.