Redio Inayorudia: Kozi ya Nuruana na Shauri la Mama Nderingo

Siku ile Mwalimu Elirehema alipozima redio katikati ya somo, mwanangu, naikumbuka mpaka rangi ya kilemba nilichofunga. Kilikuwa cha kijani. Nilikuwa nimeolewa hapa Kikwe, mwaka wangu wa pili, na kila Jumatano alasiri wanawake tulikutana kwenye chumba cha nyuma cha kanisa kujifunza Kiswahili, maana wengi wetu tulijua Kimeru tu. Benchi la mbele tulikaa mimi Apaisaria, Ndelilio, Kanankira mke wa fundi seremala, na pembeni kabisa Mama Nderingo, mjane, aliyetuzidi wote umri.

Somo lilitangazwa redioni: redio ilisema sentensi, sisi tukaifuata, kisha mwalimu akapunguza sauti na kutuuliza mmoja mmoja. Lakini redio ya siku zile ikishasema imesema. Ukipitwa, umepitwa.

Sisi wengine tulikuja kujifunza tu. Mama Nderingo alikuja na shida. Shemeji yake, Lazaro, alitaka kipande cha shamba lake la migomba, na shauri lilikuwa mbele ya baraza la kijiji. Katibu wa baraza alitoka Singida, hajui Kimeru, na siku ya kwanza aliyemtafsiria Mama Nderingo ni nani? Lazaro mwenyewe. Mama wa watu akaeleza kirefu, kwa machozi. Lazaro akamgeukia katibu akasema, “Amekubali.” Neno hilo moja Mama Nderingo alilijua. Akapiga kelele mpaka baraza likaahirishwa hadi kahawa itakapokwisha kuvunwa. Basi akaja darasani kutafuta Kiswahili cha kutosha kusema mambo yake mwenyewe.

Siku hiyo mwalimu akamuuliza, “Mama Nderingo, mpaka wa shamba lako uko wapi?”

Akasimama. “Mpaka... mpaka ni...”

“Ni mfereji!” nikamalizia mimi, nimekaa zangu. Wenzangu wakacheka.

Akaanza tena. “Mume wangu ali...”

“Aliuchimba!”

Ningependa kukuambia kwamba nilikuwa namsaidia. Hapana, nisijisafishe bure. Ulimi wangu ulikuwa mwepesi na nilitaka uonekane. Mama Nderingo akaokota kanga yake, akatoka bila kuaga. Mwalimu Elirehema akazima redio, akaniuliza taratibu, “Apaisaria, siku ya baraza utasimama wewe?”

Swali hilo nalisikia mpaka leo.

Jumatano iliyofuata hakuja, na nyingine hakuja. Mama mkwe wangu, Ndeanansia, aliposikia, hakunigombeza. Alichuma jani la isale akanipa mkononi. Huku kwetu mtu akikujia na jani hilo anaomba msamaha, na si rahisi kumkatalia. Nikamkuta Mama Nderingo anachuma kahawa. Akalitazama jani, akanitazama mimi.

“Umekuja kunimalizia na kahawa?”

“Nimekuja kunyamaza, mama.”

“Wewe? Kunyamaza?” Akacheka mpaka akashika mti. Kisha akalipokea jani, akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. “Darasani naogopa kukosea, mwanangu. Nikikosea mara moja nasikia macho yenu mgongoni. Ningekuwa na redio yangu mwenyewe, inayorudia, iseme nami niseme, nikosee mpaka nichoke, hakuna anayeniona!”

“Basi mimi nitakuwa redio.”

Tukafanya hivyo. Yeye mstari huu wa mibuni, mimi mstari ule, hatuonani kwa majani. Nikasema sentensi, naye akaisema. Akikosea, mimi nairudia tu vilevile, sicheki, simkatizi. Siku nyingine sentensi moja tuliirudia mpaka ndoo zikajaa. Sauti ilinikauka, lakini maneno yakaanza kumkaa.

Siku moja nikazunguka mti, nikasimama mbele yake, nikamuuliza uso kwa uso: mpaka uko wapi? Maneno yote yakakimbia! Nilishangaa. Mtu aliyekuwa anayamwaga dakika ile ile, sasa bubu. Ndipo tukajua kwamba mibuni imefanya kazi yake, imebaki kazi ya watu. Akarudi darasani. Mwalimu Elirehema, ambaye alikuwa na akili nyingi yule, hakumkaririsha tena. Alitugeuza baraza. Ndelilio akawa katibu, Kanankira akawa Lazaro, tena Lazaro wa kukatiza kweli kweli, “Mwanamke, kaa chini!” Mimi nikakatazwa kufungua mdomo. Tulicheka sana, na Mama Nderingo akazoea kusema huku anatazamwa.

Siku ya baraza Lazaro akasimama ili atafsiri. Mama Nderingo akanyoosha mkono. “Nitasema mwenyewe.” Akaanza vizuri, katikati akakwama. Neno nililijua, lilikuwa limekaa hapa kwenye ulimi, nikauma kanga. Katibu akangoja, na watu wote wakangoja. Kisha likatoka: “Sikukubali. Mpaka ni mfereji. Mume wangu aliuchimba, na mimi nilibeba udongo.” Sentensi hiyo ya kubeba udongo hatukuwahi kuifundishana. Aliitoa kwake. Na mfereji ukabaki kuwa mpaka.

Nimekueleza haya kwa sababu ya Nuruana, mjukuu wangu, mwalimu, anayekaa Themi mjini. Siku hizi mambo yamegeuka. Wajukuu wetu waliozaliwa mjini Kiswahili wanacho tele, Kimeru hawana, na Nuruana anawaandalia kozi: Jumamosi wanakutana darasani, siku nyingine wanasoma kwenye simu. Alikuja kunirekodi. Nikasema salamu zetu, akabonyeza simu, nikaisikia sauti yangu. Mwanangu, nilikaa chini. Akabonyeza tena, nikasema tena, vilevile, bila kuchoka, bila kukauka sauti, mimi niliyechoka mstari mmoja wa kahawa! Nikamwambia abonyeze tena. Nikawaza, Mungu wangu, hii ndiyo redio aliyoitaka Mama Nderingo.

Lakini Nuruana hakuwa na raha. “Bibi, wananikimbia. Kuna nesi mmoja anayefanya kazi kule Maji ya Chai, kwenye simu anapata kila kitu. Akifika mbele ya wagonjwa wazee, hasemi hata neno. Ameniambia anaacha.”

“Jumamosi mnafanya nini?”

“Nawaeleza ubaoni, asubuhi nzima.”

“Na kuongea?”

“Wanaongea na simu, nyumbani.”

“Umepanga kinyume, mjukuu wangu.”

“Kinyume vipi, bibi? Mimi nimesomea haya.”

Nikacheka, nikamsimulia kama nilivyokusimulia wewe. Akachukua kalamu na karatasi zake za mpango akaanza kukata. Maelezo ya ubaoni akayahamishia kwenye simu, kila mtu ayasikilize kwa muda wake mara atakazo. Jumamosi akaiacha wazi kwa watu, akatualika sisi wazee watatu tukae viti vya mbele. Yule nesi, Nuruana alimwomba aje mara moja tu, asipopenda asirudi. Alikuja. Akanisalimia kwa Kimeru, akaniuliza ninaumwa wapi, nami nikamjibu habari ndefu ya goti langu, na vicheko juu. Alikosea mara nyingi. Jumamosi iliyofuata alikuwa wa kwanza mlangoni.

Basi wewe unayepanga masomo ya lugha, sikia la bibi asiyejua kutumia hiyo simu. Kile ambacho mtu anahitaji kukirudia mara mia, na anaona haya kukikosea, kiweke kwenye simu, akafanye peke yake bila macho ya watu. Ila usimwache huko. Saa mnazokutana ni chache, usizimalize kwa kuongea wewe. Mpe mtu wa kumjibu, wa kumkatiza, wa kucheka naye. Kabla ya yote muulize kwa nini amekuja, kwani kila anayekuja kujifunza kusema ana neno lake analotaka kulisema mahali fulani, na kozi yako imfikishe hapo. Na akikwama, hata kama neno unalo wewe, ngoja.

Mungu aliyetupa ndimi hizi zote aibariki kazi yako. Akupe wanafunzi wanaorudi, na masikio yasiyo na haraka. Na siku utakaposimama wewe kusema jambo lako zito, akujalie watu wa kukungoja mpaka umalize. Amina.