Mzegazega wa Mama Ran Waenda Harusini

Saa tatu asubuhi, treni inaingia katikati ya jengo la ghorofa na kutokea upande wa pili. Bi Shang Yulan, mgeni kutoka nyanda za kaskazini, anashika kifua.

"Humo ndani wanakaa watu?"

"Wanakaa, na nguo wanaanika," anajibu mwenyeji wake, Mama Ran Shuzhen, kwa majivuno utadhani jengo ni la baba yake.

Leo Mama Ran (56) hafanyi kazi. Amevaa viatu vipya na anamtembeza mkwe wake jijini Chongqing. Mwezi ujao binti yake, Qiuyan, ambaye leo anatembea nao, anaolewa na mtoto wa Bi Shang.

Mgeni ameshalia machozi kwa pilipili ya tambi za asubuhi. Ameona minara ya vioo inayomeza mawingu, na nyuma ya minara hiyo vibaraza ambako wazee wanacheza karata kwa kelele huku kabichi zikikaushwa kwenye kamba.

"Kwetu ukiuliza njia unaambiwa mashariki au magharibi," analalamika. "Hapa kila mtu ananiambia juu au chini! Magoti yangu yanajua mbele tu."

Mama Ran anacheka, ila moyoni hana raha. Qiuyan aliwaambia wakwe kwamba mama yake "yuko kwenye usafirishaji". Usafirishaji wenyewe ni mzegazega, mti wa mwanzi wenye kamba ncha zote mbili. Kwa zaidi ya miaka ishirini ameubeba begani, akipandisha mizigo ya watu kutoka gatini hadi barabara ya juu. Ndio uliomsomesha binti huyo hadi chuo.

"Aliniomba niufiche nyuma ya mlango mpaka harusi ipite," anasimulia. "Nikakubali kwa mdomo."

Kilichomuuma zaidi ni mablanketi. Ameshona sita ya pamba nzito, mekundu, kama mama yeyote wa bibi harusi, na alitaka kuyapeleka mwenyewe kwa mzegazega hadi nyumba ya maharusi. Qiuyan akasema gari litayapeleka.

Nyumba hiyo iko juu ya ngazi za gatini, na ndiko wanakoelekea sasa. Bi Shang amebeba mikoba miwili ya zawadi, tende za kwao na chupa za pombe ya mtama, wala hataki kupokewa. Katikati ya ngazi magoti yanagoma. Anakaa chini, jasho likimtiririka.

"Dada mkubwa!" anapaza sauti Pu, mchukuzi mwenzake Mama Ran, akishuka mikono mitupu. "Viatu hivyo vya kwenda wapi? Au mzegazega umeupa talaka?"

Qiuyan anainamisha kichwa. Mama Ran anamtazama binti yake, kisha mgeni wake.

"Pu, lete mti wako."

Anafunga mikoba, anachuchumaa, anainuka. Mti unanesa na miguu inashika mwendo wake wa kila siku.

"Mzazi mwenzangu," Bi Shang anamwita kutoka chini, "usafirishaji ndio huo?"

"Ndio huu. Malori yangu ni mabega haya."

Pu na wachukuzi wengine ngazini wanaangua kicheko. Bi Shang hacheki. Anapanda polepole, akishikwa mkono na Qiuyan, na juu kabisa anamgeukia msichana.

"Mwanangu, umenitesa. Wiki nzima silali, najifunza maneno ya kuongea na wenye malori! Nilijua watatudharau. Sisi tunauza kabichi. Mume wako mtarajiwa ndiye anayeiita kazi hiyo 'biashara ya mazao'."

Sasa ni Mama Ran anayeshindwa kujizuia. Anacheka mpaka anatua mikoba.

Qiuyan analia. "Nisamehe, mama. Niliona aibu, na sasa naionea aibu hiyo aibu yangu."

Bi Shang anapapasa mwanzi, umelainika kwa jasho la miaka. Anasema mablanketi yasipopandishwa kwa mzegazega, hayapokei.

Jioni hiyo mti wa Mama Ran unatolewa nyuma ya mlango. Qiuyan anaufunga vitambaa vyekundu ncha zote mbili.

"Gari la maua lipite barabarani na watu wake," anasema Mama Ran. "Mablanketi yatapanda na mimi."

"Na mimi?" anauliza binti.

"Wewe una gauni. Panda gari."

"Nitalishika gauni," anasema Qiuyan. "Nitapanda nyuma yako."