Karai la Sikio Moja

Asubuhi ile bado ninayo kichwani, mwanangu. Nilikuwa darasa la nne pale Nyarugusu, na bibi yangu mzaa baba alikuwa mtu wa kushuku kila kitu. Chai asiyoipika mwenyewe aliinusa kwanza. Nyama ya msibani aliuliza imechinjwa lini. Mimi alinifungia michembe kwenye kitambaa, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa juani, pamoja na karanga. Nilikuwa naona haya, we acha tu! Wenzangu wanakula mihogo ya kukaanga ya Mama Shija pale getini, mimi natafuna michembe.

Mama Shija alikuwa mchangamfu, mumewe mchimbaji. Mihogo yake ilikuwa mitamu, nisikudanganye. Siku hiyo alinikirimu kipande, ndiyo kwanza nakipeleka mdomoni, nikamwona bibi anakuja na fimbo yake. Nikajisemea, huyu kafuata nini shuleni?

"Usile hicho," akaniambia, kisha akamgeukia Mama Shija.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mayo," akamwita mama kwa Kisukuma, "hili karai mbona lina sikio moja?"

"Lilikatika siku nyingi, bibi."

"Jana jioni nilipita kwenu. Mumeo alikuwa anachomea dhahabu kwenye karai la sikio moja. Kwani mnayo mangapi?"

Mama Shija akacheka, kile kicheko cha kutafuta pa kutokea. Akasema ni hilo hilo, ila amelisugua kwa mchanga na majivu mpaka limetakata. Hata sisi watoto tulijua kwamba wachimbaji hukamata dhahabu kwa zebaki, na kwamba zebaki ikichomwa hutoa moshi wa sumu. Lakini nani angewaza kuwa sumu inabaki kwenye chombo kinachong'aa?

"Zebaki haijui mchanga wala majivu," bibi akasema. "Unawalisha watoto wa watu sumu. Na wa kwako je?"

Wa kwake alikuwa mgongoni, anamung'unya muhogo. Mama Shija akafungua kanga upesi, akamshusha, akamtia kidole kinywani akitoa chenga moja moja huku analia, "Mwanangu jamani! Mwanangu!" Mimi nikatupa kipande changu. Sijawahi kuogopa chakula kama siku ile.

Alimkimbiza zahanati, na tunamshukuru Mungu, mtoto alionekana mzima. Baadaye Mama Shija alirudi getini na sufuria mpya, safari hii anauza viazi vya kuchemsha. Bibi alikuwa wa kwanza kufika. Akaichungulia sufuria, akaigeuza nyuma, akanusa, akatafuna kiazi kimoja polepole sana. "Haya," akasema, "wauzie."

Kwa hiyo usinione nina gubu ninapokuuliza umekula nini shuleni. Hapa Kahama watu wanatoka kila mahali, sijui nani anapikia chombo gani, na hizo juisi nyekundu za kwenye vifuko ndiyo siziamini kabisa. Tunda gani lina wekundu ule? Kabla hujatia kitu mdomoni, tazama mikono ya anayeuza, tazama chombo chake, muulize maji kayatoa wapi. Muulize kwa adabu, lakini muulize. Akikasirika, ondoka. Kula ugali na maharage ya shule ushibe, beba karanga zako na chungwa lako. Watakucheka, najua. Mimi walinicheka mpaka machozi yakanitoka, na leo nipo hapa nakusumbua.

Basi Mungu akutangulie, mwanangu, akulindie tumbo lako na akili yako, akurudishe nyumbani ukiwa mzima. Nenda, utachelewa.

Hebu ngoja. Michembe nimeifunga kwenye kitambaa kwa mikono yangu. Sasa humo kwenye mkoba ni nini kinachochakarisha kama karatasi? Fungua nione.